Vipodozi vina faida ya asilimia 30. Je, niongeze mzigo?

SWALI: Nina duka la jumla Morogoro. Sukari nauza shilingi milioni 40 kwa mwezi, faida asilimia 3. Mzigo uliopo stoo ni wa milioni 6.5. Vipodozi nauza milioni 2, faida asilimia 30, mzigo uliopo ni wa milioni 9. Ripoti yangu ya Power BI (programu ya kutengeneza ripoti) inatoa wastani wa faida wa asilimia 16.5, na mauzo yake yanazidi ya daftari. Nataka kuongeza vipodozi. Nifanye hivyo?

JIBU: Usiongeze kwanza, ndugu yangu. Anza na mauzo, maana yakiwa na kasoro hesabu zote zinazofuata ni bure.

Mauzo yakizidi daftari, mara nyingi kosa liko kwenye orodha ya bidhaa. Msimbo wa bidhaa, yaani namba ya kuitambulisha, ukijirudia, tuseme 104 umeandikwa mara mbili kwa sababu bei ilibadilika, basi ukiunganisha orodha hiyo na jedwali la mauzo kila mstari wa 104 unazaa miwili. Kwenye Excel, kama misimbo iko safu A, andika =COUNTIF(A:A,A2) pembeni ya msimbo, uburute hadi chini; palipo na 2 au zaidi ndipo pa kurekebisha. Kisha hesabu mistari ya mauzo kabla na baada ya kuunganisha. Idadi lazima ilingane.

Kagua na tarehe. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani husoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi, na 25/04 huiacha kama maandishi, imeegemea kushoto mwa kisanduku. Katika Power Query, sehemu ya Power BI ya kusafisha data, badilisha aina kwa "Using Locale", uchague Uingereza.

Sasa hiyo 16.5. Ripoti imejumlisha 3 na 30 ikagawa kwa mbili, kana kwamba bidhaa hizo zinauzwa sawa. Jumlisha faida yenyewe: sukari 1,200,000, vipodozi 600,000. Gawa 1,800,000 kwa mauzo ya 42,000,000, unapata asilimia 4.3. Kwa hiyo kipimo cha faida kipigwe kwenye jumla. Usichukue wastani wa safu ya asilimia.

Swali lako hasa linajibiwa na mtaji uliolala. Sukari inakugharimu milioni 38.8 kwa mwezi, yaani kama 1,293,000 kwa siku, hivyo mzigo wa milioni 6.5 unaisha kwa siku 5. Vipodozi vinagharimu milioni 1.4 kwa mwezi, kama 46,700 kwa siku. Milioni 9 zinakaa stoo siku 193! Kila shilingi 100 iliyolala kwenye sukari inaleta takriban shilingi 18 za faida kwa mwezi. Kwenye vipodozi inaleta 6.7, na humo hujatoa vitakavyoisha muda rafuni. Pesa yako imelala kwenye vipodozi. Acha kuagiza vipodozi visivyotoka, uza vilivyopo mpaka vibaki vya siku 45 hivi, fedha inayorudi ipeleke kwenye sukari, mradi wateja wa kuinunua wapo.

Tahadhari mbili. Thamani ya mzigo ihesabiwe kwa bei ya kununulia, tena kila Jumamosi jioni, uchukue wastani wa mwezi. Ukihesabu siku lori limeshusha, sukari itaonekana imelala. Na kama sukari unaikopesha, ongeza madeni ya wateja juu ya mzigo kabla ya kugawa faida kwa mtaji uliolala. Wakikulipa baada ya siku 30, hizo siku 5 zinakuwa 35, na sukari inaweza kushuka chini ya vipodozi.