Uzi Juu ya Leso Kuukuu

SWALI: Mimi hudarizi vitambaa vya makochi. Siku hizi ninashona mistari na mabaka yasiyofanana na kitu chochote juu ya leso kuukuu za marehemu mama. Jamaa zangu wanasema ninaziharibu, na kweli nguo inachanika penye sindano. Je, hii ni sanaa, na nifanyeje isichanike? – Msomaji, Kayole

JIBU: Ni sanaa, tena yenye nasaba. Huko Bengali, eneo lililogawanyika kati ya India na Bangladeshi, wanawake wamekuwa wakipanga sari zilizochakaa tabaka juu ya tabaka na kuzipiga bandi hadi zikawa matandiko ya kantha. Na mwaka 2002 msanii Louise Bourgeois, ambaye wazazi wake walikarabati mazulia ya ukutani huko Ufaransa, alitengeneza kitabu kizima cha kitambaa, Ode à l'oubli, kwa taulo za kitani alizotunza tangu alipoolewa na kwa nguo zake kuukuu.

Tofauti na kitambaa cha kochi haiko katika kukosekana kwa maua. Kwenye kochi, mchoro hutangulia na nguo huubeba tu. Kwenye leso iliyovaliwa miaka mingi, uchakavu wenyewe ndio unaopaswa kuelekeza sindano. Iinue dirishani: utaona nyuzi zilizolegea pale mama alipoifunga kiunoni, na pindo lililopauka kwa jua la kamba ya kuanikia. Anzia hapo. Ukiziba kila tundu umetia kiraka, kwa hiyo yaache mengine wazi. Maneno ya leso usiyafunike kwa pupa. Mimi ningeacha nusu ya herufi zisomeke.

Kuhusu kuchanika, weka chini ya leso kitambaa cha melikani kilichokwisha kufuliwa ili kisije kikasinyaa baadaye, ukishikize kwa bandi, kisha utumie sindano nyembamba. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi sita zilizosokotwa pamoja: zitenganishe, ushone kwa moja au mbili, na usivute. Fremu ya duara iondoe kila unapopumzika, kwani huacha alama. Uzi mwekundu ulowanishe kwanza na kuukandamiza kwenye kitambaa cheupe, uone kama unachuja. Mazoezi yafanyie mitumba ya Gikomba.

Jamaa zako nao wana hoja. Leso huuzwa jozi. Kama zote mbili zipo, darizi moja, na nyingine wape waitunze ilivyo.