Maswali ya Wasomaji: Edmund Roberts, Mfanyabiashara Aliyetumwa Maskati

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mkataba wa kwanza kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan, ule wa mwaka 1833, ulipatikana kwa juhudi za mfanyabiashara aliyewahi kupata hasara Unguja. Alikuwa nani, na ilikuwaje mtu wa biashara akabidhiwe kazi ya dola? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Mtu huyo ni Edmund Roberts, aliyezaliwa mwaka 1784 katika mji wa bandari wa Portsmouth, jimbo la New Hampshire. Biashara ya meli aliianza akiwa kijana, akatajirika, kisha mali ikamponyoka kwa sababu baadhi ya vyombo na shehena zake vilikamatwa na Wafaransa na Wahispania katika vurugu za baharini za zama za Napoleon. Alipofika Unguja mwaka 1827 na meli ya kukodi iliyoitwa Mary Ann, alikuwa mtu wa makamo mwenye watoto wengi wa kulisha, anayejaribu kurudisha alichopoteza.

Unguja hakupata nafuu aliyoitarajia. Alilazimika kuuza na kununua kupitia kwa watu wa forodha wa serikali, shughuli zake zikacheleweshwa, na papo hapo akawa anaona kwamba Waingereza wanatendewa vizuri kuliko Wamarekani kwa sababu wao walikuwa na mapatano na mtawala. Bahati yake ni kwamba Sayyid Said mwenyewe alifika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1828, baada ya msafara wake wa kivita dhidi ya Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa. Roberts akapata nafasi ya kumweleza malalamiko yake ana kwa ana. Sayyid alimsikiliza, akaonyesha kwamba naye alitaka biashara na Marekani iongezeke, na akauliza habari za silaha ambazo angeweza kuzinunua kutoka huko. Napenda jambo hili lieleweke vizuri, kwa maana mara nyingi tunasimuliwa kana kwamba mkataba huu ni zawadi iliyoletwa kutoka ng'ambo: hamu ya kufungamana ilitoka pande zote mbili, na mtawala wa Maskati na Zanzibar alijua vyema anachokitafuta.

Roberts aliporudi kwao hakuishia kunung'unika. Alimwandikia Levi Woodbury, seneta wa New Hampshire, akimweleza hali ya masoko ya Bahari ya Hindi na faida ambayo nchi yao ingeipata kama ingeweka mapatano rasmi. Barua hizo zilikaa muda bila tendo lolote, hadi mambo mawili yalipotokea mwaka 1831: Woodbury akateuliwa kuwa waziri wa majeshi ya majini chini ya Rais Andrew Jackson, na meli ya Friendship kutoka Salem, mji wa bandari wa Marekani, iliyokuwa ikipakia pilipili huko Kuala Batu, Sumatra, ikashambuliwa na baadhi ya mabaharia wake wakauawa. Serikali ikaona haja ya kuwa na mtu anayezijua bahari hizo, na Januari 1832 Roberts akateuliwa kuwa wakala maalumu wa rais. Cheo cha balozi kamili Marekani haikuwa nacho hadi mwaka 1893, ila kazi aliyopewa ndiyo kazi ya balozi: kubeba barua za mkuu wa nchi, kujadiliana na kutia saini.

Safari ilifanywa kwa siri. Katika manowari ya Peacock, Roberts aliandikishwa kuwa karani wa nahodha ili mataifa shindani yasijue anachokifuata. Kituo kilichomshinda kilikuwa Vietnam. Maofisa walipomtaka ataje majina yake yote ya heshima kabla hawajampokea, yeye, ambaye hakuwa na hata moja, alianza kuwaorodheshea majina ya wilaya na miji ya jimbo lake la New Hampshire, mpaka wenyewe wakaona yanatosha. Werevu huo haukumletea mkataba, kwani taratibu za barua na za heshima kwa mfalme ziliwafarakanisha, akaondoka mikono mitupu. Bangkok alifanikiwa: tarehe 20 Machi 1833 mkataba na Siamu (Thailand ya leo) ulitiwa saini, ukawa wa kwanza kati ya Marekani na nchi hiyo. Kisha akaelekea Maskati, ambako mambo yalikamilika ndani ya siku chache, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukatiwa saini.

SWALI: Mkataba huo ulikuwa na nini ndani yake, na ulimfaa nani zaidi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ukiusoma utaona malalamiko ya mfanyabiashara wa mwaka 1827 yakijibiwa moja baada ya jingine. Wamarekani walipewa uhuru wa kuingia bandari zote za Sayyid na kuuza na kununua bila kuingiliwa na watu wa serikali katika bei. Ushuru ukawekewa kikomo cha asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa pwani. Na Rais wa Marekani akapewa haki ya kuweka makonseli, yaani wawakilishi wa kuangalia biashara na raia wake bandarini. Sayyid naye alijilinda pale alipoona hatari. Bunduki, baruti na risasi hazikuruhusiwa kuuzwa kisiwani Unguja ila kwa serikali, ingawa katika bandari zake nyingine biashara hiyo iliachwa wazi.

Kuna kifungu ambacho mimi hukiona kuwa bora kuliko vyote. Roberts alipendekeza kwamba mabaharia wa Kimarekani wakivunjikiwa chombo watunzwe, halafu serikali yao ilipe gharama. Sayyid alikataa malipo hayo, kwa kuwa hayakupatana na desturi ya ukarimu ya Waarabu, na ikaandikwa kwamba atawatunza kwa gharama yake mwenyewe.

Ahadi hiyo ilijaribiwa mapema. Septemba 1835, Roberts akirudi na mkataba ulioidhinishwa na Seneti, Peacock ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira katika pwani ya Omani. Ilibidi nusu ya mizinga yake, yaani 11, itupwe baharini ili meli ipate wepesi wa kujinasua. Roberts akashuka katika mashua ndogo pamoja na mabaharia wachache, wakaifuata pwani usiku na mchana hadi Maskati kutafuta msaada. Sayyid alituma chombo chenye maji na vyakula bila kuchelewa, na baadaye akaagiza mizinga iopolewe, akairudisha kwa wenyewe bila kudai chochote. Hati za kuidhinisha mkataba zilibadilishwana Maskati mwishoni mwa mwezi huohuo.

SWALI: Roberts aliishia wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Alifika Bangkok mwaka 1836 kukamilisha mkataba wa Siamu. Ugonjwa wa kuhara damu uliowashika wengi melini ukamshika naye, akajaribu tena Vietnam akiwa hajiwezi, na tarehe 12 Juni 1836 akafariki Macau, alikozikwa. Alikuwa na barua za kwenda nazo Japani, hazikufika.

SWALI: Je, kwa maoni yako, ni busara nchi kumtuma mfanyabiashara kuwa balozi wake? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Historia ya Zanzibar inatoa mifano mitatu inayotofautiana. Roberts alipokuwa mjumbe aliacha kuuza na kununua kwa faida yake mwenyewe. Alichokibeba kutoka katika biashara ni ujuzi wa kinachomkwaza mwenye meli bandarini, na ujuzi huo ndio uliomsaidia kuandika vifungu vilivyo wazi. Upande wa pili, Sayyid alipomtuma Ahmad bin Na'aman New York mwaka 1840 katika meli ya Sultana, alimpa zawadi za Rais pamoja na shehena ya karafuu, tende, pembe za ndovu na ngozi, na Ahmad akatimiza vyote viwili kwa heshima.

Richard Waters wa Salem, aliyefika Unguja mwaka 1837 kuwa konseli wa kwanza wa Marekani, ni habari nyingine. Yeye aliendelea kufanya biashara huku akishika muhuri wa serikali yake. Alishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, tajiri aliyekodishwa na Sayyid forodha ya Unguja, yaani haki ya kukusanya ushuru, hata wafanyabiashara wa Kimarekani waliokuja na vitambaa vyao kutafuta sandarusi na pembe wakajikuta hawana njia ya kupata mzigo ila kupitia kwa watu hao wawili. Walipotaka kushtaki, konseli wa kupokea shtaka alikuwa mshindani wao. Mkataba uliopatikana ili kumwondolea mgeni kizuizi cha forodha ukawa na kizuizi kipya, safari hii kikisimamiwa na Mmarekani mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba atumwe, mradi aache duka lake kabla ya kuapishwa, na mradi sheria ya nchi yake imlazimishe kufanya hivyo badala ya kuliacha jambo hilo mikononi mwa uadilifu wake.