Ruzuku ndogo ilinitoa dirishani siku mbili kwa wiki

Mkuu, umesema wewe ni mfamasia wa hospitali ya mkoa, umemaliza uzamili wa famasia ya kliniki, na umeona tangazo la ruzuku ya dola elfu chache kwa watafiti wanaoanza. Unauliza kama inafaa kuhangaika nayo wakati hela yenyewe haitoshi hata mashine moja ya maabara. Nakujibu kwa yaliyonikuta mimi.

Niliporudi kazini na uzamili wangu nilirudishwa dirishani. Asubuhi nagawa dawa, jioni nahesabu stoo. Wodini nilikuwa napanda kwa kuibia, dakika ishirini kabla foleni haijajaa. Na swali langu lilikuwa huko huko wodini: karibu kila faili nililofungua lilikuwa na seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, mgonjwa awe na nimonia, awe anasubiri upasuaji, awe na homa tu isiyojulikana imetoka wapi. Sampuli ya kuotesha vimelea haijachukuliwa, sindano zinaendelea siku ya saba, ya nane. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezipanga antibiotiki katika makundi matatu, na seftriaksoni imo kwenye zile za kuangaliwa kwa karibu kwa kuwa uwezekano wa vimelea kuwa sugu dhidi yake ni mkubwa zaidi. Hilo nililijua. Nilichokosa ni ushahidi wa wodi zetu wenyewe, maana daktari bingwa humwambii aache mazoea ya miaka kwa "mimi naona".

Andiko langu la kwanza lilikataliwa. Nilitaka kuchunguza hospitali tano, dawa zote, watu wazima na watoto. Wahakiki wakasema swali ni pana mno. Iliniuma sana, lakini walikuwa sahihi. Mwaka uliofuata nikabaki na wodi mbili na dawa moja, nikafuata utaratibu wa shirika hilo hilo wa 2018: kila wodi inakaguliwa ndani ya siku moja, unawaandika wagonjwa waliokuwamo saa mbili asubuhi na antibiotiki wanazopewa. Unahitaji fomu, kalamu na mtu anayejua kusoma faili. Safari hii nikapata.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea bajeti. Sehemu kubwa ya hela ile haikununua kitu cha kushika mkononi. Nilikubaliana na uongozi kwamba ruzuku imlipe mfamasia wa mkataba akae dirishani siku mbili kwa wiki, mimi nikae wodini. Siku mbili, wiki baada ya wiki, mwaka mzima. Nilifanya raundi na madaktari tangu mwanzo hadi mwisho, nikajifunza kwa nini wanaogopa kusimamisha dawa, nikarekebisha fomu yangu mara tatu kwa sababu ya yale niliyoyasikia pale kitandani. Kufikia mwezi wa sita kuna daktari alikuwa ananigeukia kabla hajaandika. Mtu anayeniuliza lini niligeuka mtafiti, namtajia miezi ile. Kwa hiyo kompyuta ya bei kubwa usiiweke kwenye bajeti kabla hujaziweka siku zako.

Tangazo lilidai pia barua ya msimamizi. Bila sharti hilo nisingethubutu kugonga mlango wa mtaalamu wa vimelea pale chuoni. Rasimu yangu ya kwanza ya makala aliirudisha nyekundu tupu. Ya nne ndiyo ilipita, jina langu likiwa la kwanza.

Tabu zilikuwepo. Fedha zilikaa miezi minne kwenye akaunti ya taasisi zikisubiri saini, na mfadhili alikuwa ameshaanza kuhesabu mwaka wake. Jifunze kwangu: kibali cha maadili, cha chuo au cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Tanzania), na ruhusa ya mganga mfawidhi, vianze kushughulikiwa mapema kabisa. Muombe na mhasibu akueleze kwa maandishi hela zitatokaje.

Kuhusu udogo wa ruzuku: wahakiki wa ruzuku kubwa, mfano K43, ruzuku ya kukuza watafiti wachanga ya Kituo cha Fogarty cha Marekani, wanakusoma wewe pamoja na andiko lako. Umewahi kuongoza nini? Nani anakulea? Na wanataka sehemu kubwa ya muda wako wa kazi itengwe kwa utafiti. Nilipoomba nafasi ya shahada ya uzamivu, kwenye matokeo ya awali niliweka takwimu za wodi zile mbili, na kwenye usaili waliniuliza habari zake karibu nusu saa nzima.

Andika swali lako kwenye ukurasa mmoja: wodi gani, dawa gani, wagonjwa gani. Liweke hapa hapa kwenye uzi. Jumamosi nikitoka zamu nitalisoma na kukuonyesha pa kupunguza.