Ukocha msaidizi wa chuo kwa mkataba wa mwaka mmoja

Ndugu, nimekuelewa: unafundisha mpira wa kikapu sekondari huko Ohio, Marekani, una familia, na chuo kimoja kinakupa ukocha msaidizi kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mimi ningekubali, ila kwanza ningeuliza kwa maandishi kuhusu bima ya afya na hatima yangu iwapo kocha mkuu atafukuzwa, kwa kuwa mara nyingi wasaidizi huondoka pamoja naye, jambo ambalo lilinikuta mimi mwenyewe. Usitarajie subira aliyopewa John Wooden, kocha mashuhuri wa mpira wa kikapu wa vyuo, aliyeanza kufundisha UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa kwanza wa taifa mwaka 1964. Kama kibali chako cha ukaazi kinategemea ajira, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujatia saini.