Government Road iko wapi?

Mwanangu,

Umeniuliza mbona yule waziri Tom Mboya aliuawa Government Road 1969 halafu jina lake likawekwa Victoria Street, mtaa wa pili. Swali nzuri, lakini ngoja kwanza nikuambie vile hiyo Government Road ilinipoteza.

Nikija Nairobi mara ya kwanza, mjomba wangu yule wa kofia aliniandikia, shuka Machakos Airport, ile stendi ya mabasi hapa Nairobi, uliza Government Road, nitakungoja nje ya duka la viatu. Sasa Kenyatta ameshafariki, hiyo 1978, Moi ameingia na jina limebadilishwa, mjomba kwa kinywa chake bado ni Government. Nikatembea juu mpaka chini mara tatu nasoma vibao, Moi Avenue, Moi Avenue, na kuku kwa kikapu anapiga kelele watu wakinicheka. Kijana mmoja wa suti akaniambia hakuna barabara kama hiyo hapa. Ni mzee wa magazeti aliniambia, wee, si umeikanyaga! Kufika dukani mjomba ameshaenda, na kazini walimkata nusu siku. Mpaka anazikwa aliniita Government, na mimi sikuwahi kucheka.

Ndio maana kila siku nawaambia barabara ni ya miguu, si ya kibao. Lakini pia siwezi kujifanya, Delamere Avenue ilipokuwa Kenyatta Avenue na lile sanamu la huyo Delamere mzungu likang'olewa 1963, watu walifurahi, na Hardinge Street ikiitwa Kimathi hata mimi nimefurahi, mtu wa Mau Mau aliyenyongwa na hao hao wazungu. Kwa hivyo kubadilisha si mbaya. Ama ni mbaya tu ukijipa ungali hai? Kenyatta alikuwa hai, Moi naye hai. River Road hakuna mkubwa ameitaka mpaka leo, umeshangaa?

Sasa Mboya. Wengine wanasema Victoria ilikuwa heshima, jina la malkia litoke, la Mboya liingie. Wengine wanasema pale alipoangukia palikuwa pakubwa sana kuachiwa yeye. Mimi nina yangu lakini wacha ninyamaze, utasema baba ameanza siasa. Nenda tu uone lile sanamu lake la 2011 wamelisimamisha wapi. Moi Avenue.

Mamako anauliza Jumamosi tukutane wapi tao. Usinitumie jina la barabara, nitumie duka.

Baba