Maswali ya walimu: punje 168 za mahindi na maji ya Nile

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa walimu wa uraia na maarifa ya jamii. Tumejibu nne.

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanataja bila kukwama mwaka ambao kila jumuiya ya kimataifa ilianzishwa, lakini ukiwauliza kwa nini nchi mbili zinavutana wanakaa kimya. Darasa lina wanafunzi 62, kipindi ni dakika 40, projekta hatuna. Nianzie wapi?
Mwalimu wa uraia, Mwanza

JIBU: Anzia ziwani kwenu, Mwalimu. Maji ya Ziwa Victoria yanayotokea Jinja ndiyo Nile Nyeupe, na mvutano wa Nile una hesabu ambayo mwanafunzi anaweza kuishika mkononi. Tafuta punje 168 za mahindi, ndoo moja na manila sita.

Mkataba wa 1959 kati ya Misri na Sudan ulikadiria kwamba maji yanayofika Aswan, kusini mwa Misri, ni mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka. Kila punje iwe nusu bilioni. Panga meza sita: Misri, Sudan, Ethiopia, Uganda, Kenya na Tanzania. Bonde lina nchi 11, lakini sita zinatosha kwa kuanzia. Ukiweka zote, nusu ya kipindi kitaishia kwenye kupanga viti. Iwekee meza ya Ethiopia punje 143, na hizo 25 zilizobaki zigawie meza za Uganda, Kenya na Tanzania, kwa kuwa takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan hushuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Halafu pita meza kwa meza uzikusanye zote. Tia punje 20 kwenye ndoo: ni bilioni 10 zinazopotea, hasa kwa mvuke, bwawani Aswan. Misri ipe 111, Sudan 37. Zimekwisha. Nyamaza kidogo, Ethiopia watasema wenyewe.

Kuna mmoja atauliza: ziwa lote lile, punje 25 tu? Swali zuri, usilipite. Takriban nusu ya maji ya Nile Nyeupe hupotelea kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, kabla hayajafika Khartoum.

Sasa gawa watu. Wanafunzi 9 kila meza ni 54; wanane waliobaki wawe wanne wa kuendesha kikao na wanne waandishi wa habari. Waandishi wape wale wakimya wanaoandika vizuri. Kila meza ipate kadi ya mistari minne tu: tunahitaji nini, tunaogopa nini, tunaweza kulegeza nini, hatuwezi kulegeza nini. Kadi ya Misri iseme kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maji yake matamu hutoka Nile. Ya Ethiopia iseme inahitaji umeme wa bwawa lake, kisha ifafanue kwamba mitambo ya umeme hairudishi mto nyuma wala hainywi maji, ila kulijaza bwawa huyashikilia maji kwa miaka. Hapo wengi huteleza, hata walimu. Sudan iwe na moyo wa pande mbili: bwawa kubwa la Ethiopia liko karibu na mpaka wake, linaweza kupunguza mafuriko, lakini likipata hitilafu wa kwanza kuumia ni wao. Ya Tanzania ikumbushe kwamba Uingereza iliahidi mwaka 1929, kwa niaba ya makoloni yake, kutojenga kitu kitakachopunguza maji ya Misri bila idhini ya Misri, na kwamba mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza kuwa haifungwi na ahadi hiyo. Bomba la maji ya ziwa kwenda Kahama na Shinyanga lilijengwa juu ya msimamo huo.

Kipindi cha kwanza: punje dakika 10, kusoma kadi 15, kila meza itoe msimamo wake kwa dakika 2. Kipindi cha pili: wajumbe wawili wa kila meza wajadiliane dakika 20, kupiga kura 10, tathmini 10.

Cha kujadili kisiwe "tugawane maji vipi", maana wataishia kugawana sawa kwa sawa kama keki na kupigiana makofi. Wape kifungu kimoja. Katika mkataba wa ushirikiano wa bonde la Nile uliofunguliwa Entebbe mwaka 2010, nchi nyingi za juu ya mto zilikubali maneno "kutoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji" wa nchi nyingine. Misri ilitaka yasomeke "kutoathiri vibaya usalama wa maji na matumizi na haki za sasa". Yaandike yote mawili ubaoni, uwaulize "haki za sasa" ni punje ngapi. Akishajibu mmoja 111, darasa limeelewa kwa nini neno moja linaweza kukwamisha mazungumzo ya miaka.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza, Misri kuigizwa kama jambazi. Dawa yake ni kubadilishana meza katikati ya kipindi cha pili, Misri wakae kwa Ethiopia na Ethiopia kwa Misri. La pili ni kuchanganya kusaini na kuridhia, yaani nchi kuuthibitisha rasmi mkataba iliousaini. Mkataba huu ulihitaji nchi sita ziuridhie, ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 baada ya Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini kufanya hivyo. Kenya ilisaini mwaka 2010 lakini haikuwa kati ya hizo sita. Katika mtihani ulizia tofauti hiyo. Mwaka wa kusaini peke yake haupimi kitu.

SWALI: Mwanafunzi kaniuliza: kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, nchi yenye kura ya turufu ikijizuia kupiga kura, azimio linakufa? Nilimwambia nitamjibu kesho.
Mwalimu, Kisumu

JIBU: Halifi. Azimio lisilo la utaratibu tu wa vikao linahitaji kura 9 za ndiyo kati ya 15, na kusiwe na hapana kutoka China, Marekani, Ufaransa, Uingereza au Urusi. Kujizuia si hapana. Ndivyo Baraza la Usalama linavyofanya kazi, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikubali tafsiri hiyo mwaka 1971 katika shauri la Namibia.

Waandikie ubaoni matokeo manne, kila mmoja aandike "limepita" au "limekwama" kabla hamjajadili. Ndiyo 9, kujizuia 6, wakiwemo wanachama wa kudumu: limepita. Ndiyo 14, hapana 1 ya Urusi: limekwama. Ndiyo 10, hapana 5 za wasio wa kudumu: limepita. Ndiyo 8, hakuna hapana hata moja, kujizuia 7: limekwama, na hapo turufu haijatumika kabisa. Hili la nne ndilo linalowanasa wengi.

Mfano wa kwetu upo. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim wa Tanzania aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim, aliyekuwa akiushikilia. China ilimzuia Waldheim mara 16, Marekani ikamzuia Salim, wote wawili wakakaa pembeni na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wanafunzi wakiuliza kwa nini Baraza Kuu, lenye nchi zote, halikuchagua tu linayemtaka, wasomee sehemu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inayosema Baraza Kuu humteua kwa pendekezo la Baraza la Usalama. Wafungue wenyewe kifungu cha 97.

SWALI: Shule yetu ina watoto waliotoka kambini na wengine wazazi wao walikimbia Congo. Nikifika mada ya migogoro naogopa kuwaumiza, na nikiiruka nakuwa sijafundisha.
Mwalimu wa msingi, Kasulu

JIBU: Usimsimamishe mtoto "atuambie kwao kulikuwaje". Hata akikubali, kakubali mbele ya wenzake 50. Mwambie faraghani siku moja kabla kwamba kesho mada ni hiyo, na kwamba anaweza kukaa, kutoka nje au kukusaidia kugawa karatasi, na hakuna atakayemuuliza sababu.

Darasani shika sheria na maana ya maneno, si matukio ya damu. Mkataba wa 1951 unamtambua mkimbizi kama mtu anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza anayekimbia uvamizi kutoka nje au vurugu kubwa zinazovunja amani. Tunga watu watano wa kubuni, mmojawapo awe amekimbia ukame na mwingine ametoroka deni, wanafunzi waamue nani anaingia katika mkataba upi. Ongeza jambo ambalo vitabu hulisahau: ukimbizi una mwisho. Zaidi ya watu 160,000, waliotoka Burundi mwaka 1972 na wazao wao, walipewa uraia wa Tanzania.

Wakianza kutaniana kwa utaifa, simamisha zoezi papo hapo. Kuendelea ukitumaini kelele zitapoa ndiko kunakoharibu muhula mzima.

SWALI: Kitabu kimoja kinasema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi tano, kingine sita, kingine saba. Nifundishe kipi?
Mwalimu, Moshi

JIBU: Vyote vilikuwa sahihi siku vilipochapwa. Tatu zilianza upya kwa mkataba wa 1999, Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 2022, Somalia Machi 2024. Sasa ni nane. Ubaoni usiandike "8" peke yake. Andika "8, tangu Machi 2024", na kwenye vitabu vya shule sahihisha kwa penseli.