Usiku wa pili na bado unawashwa: usitupe ovuli zako

Jambo dada. Nimesoma ulivyoandika: famasi imekupa ovuli sita za klotrimazoli, dawa ya fangasi inayowekwa ukeni, za miligramu 100, pamoja na kimrija cha kuingizia. Umeshaweka mbili, bado unawashwa, asubuhi unakuta vitu vyeupe kwenye nguo ya ndani, na mama mkwe anasema uzitupe ujioshe kwa maji ya chumvi na ndimu. Unauliza uendelee ama uache.

Endelea. Usiku wa pili ni mapema mno kuihukumu dawa. Mimi muwasho ulianza kutulia siku ya tatu, na ngozi ya nje ilichukua karibu wiki nzima kurudi sawa. Vile vyeupe vya asubuhi ni mabaki ya ovuli yenyewe, huwa inayeyuka ndani kisha masalio yanatoka kama unga wa chaki uliolowa. Vaa kotexi (pedi) nyepesi, basi. Kuungua kidogo ukishaiweka pia hutokea, maana inagusa sehemu iliyokwisha kuchubuka. Ila ukiona umevimba zaidi, au vipele vinatoka mwilini, hapo uache na urudi kwa muuguzi.

Nakuandikia nikiwa hapa Kadutu, Bukavu, na jambo hili limenipata mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimetoka kumeza amoksisilini, antibiotiki, kwa ajili ya jino. Wiki haikuisha nikaanza kuwashwa hadi silali. Niliona haya kusema. Jirani akanipa pomadi yake ya ngozi, zile za mchanganyiko zenye betamethasoni ndani, ambazo wengine wanazipaka usoni ili waangaze. Siku mbili nikapata raha, nikamshukuru Mungu. Siku ya nne hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, nimevimba, mkojo unaniunguza kama pilipili. Baadaye muuguzi alinieleza: betamethasoni inatuliza muwasho, lakini inapunguza nguvu ya ngozi kujitetea, basi fangasi wanazidi kuenea. Naomba sana, mtu asiguse pomadi hizo kwa sehemu ile bila kuambiwa na daktari.

Ndipo nikanunua ovuli sita kama zako. Nikaweka tatu, muwasho ukaisha, tatu nikazificha kwenye kopo la sindano na nyuzi nikisema zitanifaa siku nyingine. Baada ya majuma mawili yote yakarudi. Kosa lilikuwa langu: muwasho huondoka kabla ya fangasi kwisha. Zilizobaki hazikutosha, nikaanza dozi mpya na mara hiyo nikaimaliza.

Namna ya kuiweka nayo ina maana yake, na famasini hawana nafasi ya kukueleza huku watu wamejipanga nyuma yako. Mimi nilikuwa naiweka jioni kisha naenda kupika, na inatoka yote. Muuguzi akanionyesha. Ni wakati wa kulala, umeshamaliza kazi zote na umeshakojoa. Nawa mikono kwa sabuni. Kama ovuli ni kavu, ichovye mara moja tu katika maji safi, isiwe ngumu kuingia. Lala chali, kunja magoti, isukume taratibu mpaka ndani kabisa, usiiache mlangoni, kisha usiamke. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, nikaegemeza simu kwenye bidoni ya maji inimulikie, na ndiyo mara ya kwanza niliiweka vizuri. Kimrija ukioshe kwa maji ya moto na sabuni kila ukitumia. Kama nje pia panawasha, krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 inapakwa hapo kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku.

Usianze dozi ukiwa mwezini, kwa sababu damu inaisomba. Wala usitegemee kondomu siku unazotumia ovuli: mafuta yaliyo katika ovuli na krimu nyingi yanadhoofisha mpira. Heri mume avumilie mpaka umalize. Naye hahitaji dawa kama hana dalili. Akiwashwa au akitoka wekundu kichwani mwa uume, aende naye atibiwe. Na usimtuhumu wala asikutuhumu. Fangasi hawa huwa wanaishi mwilini mwetu kimyakimya, na antibiotiki, mimba au ugonjwa wa sukari vinawapa nafasi ya kuzaliana.

Sasa mara ya tatu, ambayo ndiyo sababu nimeandika kirefu. Huku kwetu kila kitu cha chini tunakiita enfeksio. Unafika famasini, unasema "nina enfeksio," unapewa ovuli. Mimi nilipoona ute umerudi nikajinunulia tena bila kuuliza, nikamaliza zote sita, hakuna kilichobadilika. Lakini safari hii ute ulikuwa mwepesi, wa kijivujivu, wenye harufu ya samaki hasa baada ya tendo la ndoa, na muwasho ulikuwa mdogo. Fangasi hawako hivyo. Wao huleta ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, usio na harufu kali, na muwasho unaokunyima usingizi. Katika kituo cha afya walichukua ute kwa pamba, wakaupaka kwenye kioo, wakautazama kwa mikroskopu: ni bakteria. Nikapewa metronidazoli ya kumeza siku saba, nikapona. Ovuli ile isingenisaidia hata ningeweka thelathini. Na kama ute ni wa njano au kijani wenye povu, hicho ni kingine tena, na hapo mume lazima atibiwe pamoja nawe.

Kwa hiyo angalia vizuri ute wako ni wa namna gani. Ukimaliza sita na siku saba zikapita bila nafuu, usinunue za pili, nenda upimwe. Ukipata mara tatu katika mwaka mmoja, omba wakupime sukari na virusi vya ukimwi pia. Homa, maumivu chini ya tumbo, vidonda au damu isiyo ya mwezi, hayo hayangoji siku saba.

Mama mkwe usimjibu vibaya, anakutakia mema. Mweleze tu kwamba dawa inatakiwa ibaki ndani. Chumvi na ndimu zinachoma pale palipochubuka, tena kuosha ndani kunawafukuza bakteria wazuri wanaotulinda. Nje osha kwa maji matupu, inatosha. Na mvua hizi za Bukavu nguo hazikauki. Ya ndani ipige pasi kuliko kuivaa ikiwa na unyevu.

Jambo moja hukulisema: je, una mimba? Kama unayo, au mwezi umechelewa, mwambie muuguzi kesho. Ovuli za klotrimazoli mjamzito anaruhusiwa, kwa kawaida usiku saba, lakini mimi nilipokuwa mjamzito nilikatazwa kutumia kimrija, nikaambiwa niiweke kwa kidole kilichonawiwa vizuri. Na mtu akikupa flukonazoli, ile kapsuli moja ya fangasi ya kumeza ya miligramu 150, usiimeze kabla hujajua kama una mimba.